Kumtoa mtoto kwenye kikombe cha mfuniko: kwa nini maziwa yanayomwagika ni gharama ndogo

Katika mtaa wa Batsinda, sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo jijini Kigali, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, si ajabu kumwona mtoto aliyeanza kutembea akiwa ameshika kikombe cha plastiki chenye mfuniko na mdomo mdogo wa kunyonyea. Kikombe hicho kina sifa moja kubwa inayowapendeza wazazi: hakimwagi. Mtoto akikiangusha, maziwa hubaki ndani. Akikilalia, shuka halilowi. Kwa mzazi anayeondoka alfajiri kwenda kazini na kumwachia mtoto yaya au nyanya yake, ni msaada wa kweli.

Tatizo huanza pale kikombe hicho kinapogeuka kuwa mwenzake mtoto wa kutwa nzima, na wakati mwingine wa usiku kucha. Wataalamu wa afya ya watoto wanashauri kwamba mtoto aanze kuonjeshwa kikombe cha wazi akiwa na umri wa takriban miezi 6, wakati uleule anapoanza kula vyakula vya nyongeza, na awe ameachana na chupa ya kunyonyea, ambayo wengi mjini Kigali huiita biberoni, kati ya miezi 12 na 18. Kikombe cha mfuniko kinaweza kuwa daraja kati ya chupa na kikombe cha kawaida. Lakini daraja ni la kupita, na mtoto anayeachwa juu yake hadi umri wa miaka miwili au mitatu huweza kulipa kwa meno yake, kwa hamu yake ya kula na kwa wingi wa damu mwilini mwake.

Kilibuniwa kulinda nyumba, si kinywa

Kikombe kisichomwaga hakikutoka kwa madaktari wala kwa wataalamu wa lishe. Mmoja wa waliokipa umbo lake la sasa ni mhandisi wa mitambo wa Marekani, Richard Belanger, ambaye katika miaka ya 1980 alitafuta njia ya kuepuka vinywaji vilivyokuwa vikimwagwa nyumbani kwake na mwanawe mdogo. Alibuni mfuniko wenye kizuizi ambacho hufunguka tu pale mtoto anapovuta kwa kinywa. Baadaye kampuni ya Playtex ilipata leseni ya kukitengeneza na kukiuza, na kikombe hicho kikaenea duniani.

Hapana ubaya katika kulinda sakafu. Hata hivyo, ni vyema mzazi akumbuke kwamba faida ya kwanza ya mfuniko huo ni ya mtu mzima anayefanya usafi, si ya mtoto anayekunywa.

Rwanda yenyewe ilikuwa na chombo chake cha maziwa muda mrefu kabla ya plastiki. Inkongoro, kikombe cha mti kilichochongwa kwa ajili ya maziwa, hunywewa ukingoni, mdomo kwa mdomo wa chombo. Jina hilo ndilo lililochukuliwa na mpango wa serikali wa kuwapatia watoto maziwa, Inkongoro y'Umwana, ulioanzishwa mwaka 2010. Kwa hiyo kumfundisha mtoto kunywa katika kikombe cha wazi si desturi mpya iliyoletwa na vitabu vya malezi. Ni kurejea palipojulikana.

Wapo wanaohofu kwamba mtoto wa mwaka mmoja bado ni mdogo mno kwa kikombe cha wazi. Hofu hiyo inajibiwa na kazi inayofanyika katika wodi za watoto wachanga. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba watoto waliozaliwa na uzito mdogo, wasioweza kunyonya titi, walishwe maziwa ya mama kwa kikombe kidogo cha wazi au kijiko badala ya chupa. Mtoto mchanga akipakatwa wima na ukingo wa kikombe ukaguswa mdomoni mwake, huyalamba au huyafyonza maziwa kidogo kidogo kwa kasi yake mwenyewe. Ikiwa huyo anaweza, mtoto anayekaa na kusimama hakosi uwezo. Anachokosa ni mazoezi.

Meno: si sukari tu, bali pia muda

Kuoza kwa meno ya mtoto hakutegemei tu kiasi cha sukari anachokunywa, bali pia ni mara ngapi sukari hiyo inapita kinywani. Bakteria wanaoishi juu ya meno hula sukari na kutoa asidi inayolainisha tabaka la nje la jino. Mate huhitaji muda wa kuisafisha asidi hiyo na kulirejeshea jino madini yake. Mtoto anayekunywa maziwa yake kwa dakika kumi na kumaliza huyapa mate nafasi ya kufanya kazi. Mtoto anayezunguka na kikombe na kunyonya kidogo kila baada ya dakika chache huyanyima mate nafasi hiyo, na meno yake huogeshwa sukari mchana kutwa.

Hali huwa mbaya zaidi usiku. Mtu anapolala mate hupungua, na kinywaji kilichobaki kinywani hukaa juu ya meno ya mbele kwa saa nyingi. Maziwa nayo yana sukari yake ya asili, sembuse juisi, soda au chai ya maziwa iliyokolezwa sukari. Ishara ya kwanza mara nyingi ni mstari mweupe kama chokaa kwenye meno ya mbele ya juu, karibu na ufizi. Mzazi akiuona mapema, bado kuna nafasi ya kuzuia tundu. Ukigeuka kuwa wa kahawia, uozo umekwisha kuingia ndani.

Kauli kwamba meno ya utotoni hayana maana kwa sababu yatang'oka ni ya kupotosha. Meno hayo humwezesha mtoto kutafuna na kutamka, na hushikilia nafasi ya meno ya kudumu. Jino linalouma humfanya mtoto akatae chakula na akose usingizi.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu ulishaji wa watoto wa miezi 6 hadi 23 unaeleza kwamba vinywaji vilivyotiwa sukari havifai kwa watoto wa umri huo, na kwamba hata juisi halisi ya matunda inapaswa kutolewa kwa uchache. Maji safi na maziwa vinatosha.

Tumbo lililojaa maziwa

Madhara mengine hayaonekani haraka kama meno. Kunyonya kwenye mdomo wa kikombe ni rahisi na humtuliza mtoto, hivyo anaweza kunywa maziwa mengi kuliko anavyohitaji. Maziwa ni chakula bora, lakini maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache sana, na yakizidi huzuia mwili kufyonza chuma kilichomo katika vyakula vingine. Aidha, yanajaza tumbo. Mtoto aliyekunywa vikombe vitano vya maziwa tangu asubuhi hataona haja ya maharage, dodo, isombe, dagaa au yai anapowekewa sahani mbele yake.

Matokeo yake ni upungufu wa damu. Mtoto hupauka, huchoka upesi, hukosa hamu ya kula, na kukosa hamu huko humfanya mzazi amwongezee maziwa kwa kudhani kwamba angalau anakunywa. Kwa mtoto aliyevuka mwaka mmoja na anayekula vizuri, kiasi cha nusu lita ya maziwa kwa siku kwa kawaida humtosha. Chai haifai kuchukua nafasi ya maziwa, kwani nayo huzuia chuma kufyonzwa.

Suala hili lina uzito wake nchini Rwanda. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2019-2020 ulionesha kwamba asilimia 33 ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 38 katika utafiti wa 2014-2015. Kudumaa kuna sababu nyingi, na hakuna anayeweza kusema kwamba kikombe cha plastiki ndicho chanzo. Lakini katika nyumba ambayo chakula kipo na mtoto hakili, swali la kwanza linalofaa kuulizwa ni hili: amekunywa nini tangu alipoamka, na kwa chombo gani?

Uchafu uliojificha

Kikombe cha kawaida kina sehemu moja tu ya kusafisha, na jicho huiona yote. Kikombe cha mfuniko kina uzi wa kufungia, mdomo mwembamba na ndani yake kipande kidogo cha mpira kinachozuia kinywaji kisitoke. Masalia ya maziwa hukwama humo, na katika joto la mchana bakteria na ukungu huongezeka haraka. Kukisafisha inavyopasa kunahitaji kutenganisha kila kipande, kukisugua kwa sabuni na brashi nyembamba, kukisuuza kwa maji safi na kukikausha kabisa.

Katika nyumba ambayo maji hutekwa na kuhifadhiwa kwenye madumu, au ambako makaa ya kuchemshia maji hupimwa kwa uangalifu, kazi hiyo mara nyingi hufanywa nusu. Ndiyo sababu moja inayowafanya wataalamu wa afya kupendelea kikombe cha wazi kwa familia za kila kipato. Kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vyakula mbadala wa maziwa ya mama, iliyopitishwa na Baraza la Afya Duniani mwaka 1981, haikugusa maziwa ya kopo peke yake. Iliweka pia mipaka kwenye matangazo ya chupa na chuchu bandia.

Jambo la mwisho ni usalama. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2012 ulikadiria kwamba kati ya 1991 na 2010 zaidi ya watoto 45,000 wenye umri wa chini ya miaka mitatu walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za nchi hiyo kwa majeraha yaliyohusiana na chupa, chuchu bandia na vikombe vya mfuniko. Wengi walikuwa wameanguka, na sehemu iliyoumia mara nyingi ilikuwa kinywa. Mtoto anayejifunza kutembea huanguka mara kwa mara. Akianguka na kitu kigumu mdomoni, hujichoma nacho. Katika mtaa wa mlimani wenye ngazi na miteremko kama Batsinda, onyo hilo halihitaji maelezo marefu.

Mtoto yuko tayari lini?

Watoto hawafanani, lakini kuna vipimo vinavyosaidia. Akiwa na miezi 6 hivi, mtoto anayeweza kukaa kwa kuegemezwa na kushikilia kichwa chake imara anaweza kuonjeshwa maji kidogo katika kikombe. Taasisi ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani inataja kwamba kufikia miezi 12 watoto wengi huweza kunywa katika kikombe kisicho na mfuniko kinachoshikwa na mtu mzima, na kufikia miezi 18 hukishika wenyewe, ingawa bado humwaga mara nyingine. Kumwaga si dalili ya kushindwa. Ni sehemu ya kipimo chenyewe.

Kinywani, kazi mbili hizi hazifanani. Anaponyonya, mtoto husogeza ulimi mbele na nyuma, kama anavyofanya kwenye titi au chupa. Anapokunywa ukingoni, hufunga midomo kuzunguka kikombe, huinua ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu, kisha humeza. Ni ufundi uleule wa midomo na ulimi anaouhitaji ili kula vyakula vigumu bila kuvitema.

Jambo moja halipaswi kuchanganywa na mada hii. Kumtoa mtoto kwenye chupa au kikombe cha mfuniko si kumwachisha titi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aendelee kunyonyeshwa hadi miaka miwili au zaidi. Tena, mtoto anayenyonya maziwa ya mama anaweza kutoka kwenye titi na kwenda moja kwa moja kwenye kikombe cha wazi, bila kupitia chupa wala kikombe cha mfuniko hata siku moja.

Jinsi ya kuanza

Kikombe kinachofaa ni kidogo, chepesi na kisichovunjika, chenye upana ambao mikono miwili ya mtoto inaweza kuuzunguka. Kikombe cha plastiki ngumu au cha chuma kisicho na kutu kinatosha. Kikombe cha mtu mzima ni kizito na ni kipana. Mtoto akikiinua, kinywaji humfunika uso.

Maji ndiyo yanayofaa kuanzia, kwa sababu yakimwagika hakuna hasara. Yatiwe kidogo tu, kama vijiko viwili vya chakula. Kosa la kawaida ni kujaza kikombe kisha kumkemea mtoto anapokimwaga. Pale ambapo maji yanamshinda kwa sababu yanapita haraka, vinywaji vizito humsaidia: uji mwepesi, ambao Wanyarwanda huuita igikoma, au ikivuguto, maziwa ya mgando, hutiririka polepole na kumpa muda wa kufunga midomo na kumeza. Kikombe cha uji wa asubuhi kinaweza kuwa somo la kwanza katika nyumba nyingi.

Mtoto akae wima, si kulala wala kutembea. Mtu mzima akae mbele yake, akiguse kikombe kwenye mdomo wa chini, kisha akiinamishe hadi kinywaji kifike ukingoni tu. Asimmiminie. Baada ya kila fundo, kikombe kishushwe ili apumue. Akishazoea, mikono yake iwekwe juu ya kikombe na mikono ya mtu mzima juu ya yake, kisha mtu mzima apunguze nguvu siku baada ya siku. Watoto huiga, mtoto anayemwona kaka au dada yake akinywa katika kikombe cha wazi hutaka kufanya hivyo naye.

Mabadiliko yaende hatua kwa hatua. Kwa wiki ya kwanza kikombe cha wazi kitumike kwenye mlo mmoja, kwa mfano wa mchana. Wiki inayofuata uongezwe mlo wa asubuhi, kisha wa jioni. Kikombe au chupa ya kulalia ndiyo huwa ya mwisho, kwa kuwa imefungamana na usingizi kuliko njaa. Hapo kinachotakiwa ni kuweka kitu kingine mahali pake: maziwa yatolewe katika kikombe cha wazi kabla ya kulala, meno yapigwe mswaki, kisha zifuate nyimbo, hadithi au kupapaswa mgongo. Mzazi asiyeweza kuyakata maziwa ya usiku kwa mara moja anaweza kupunguza kiasi kila baada ya siku chache, na hatimaye kubakisha maji matupu.

Siku tatu nne za kilio ni jambo la kutarajiwa. Kinachozirefusha ni watu wazima kutofautiana. Mama akiondoa kikombe cha mfuniko asubuhi na nyanya akakirudisha adhuhuri kwa huruma, mtoto hujifunza kwamba kilio kinafungua kabati. Kwa hiyo mama, baba, nyanya, yaya na walezi wa kituo cha malezi, irerero, wanapaswa kukubaliana mapema juu ya siku ya kuanza na juu ya chombo kitakachotumika. Mtoto asichapwe wala kudhihakiwa kwa kumwaga. Apewe kitambaa asaidie kupangusa.

Si lazima kikombe cha mfuniko kitupwe. Safarini, ndani ya basi la kwenda mjini kwa mfano, bado kina nafasi yake, mradi kiwe na maji peke yake na mtoto awe ameketi. Kikombe chenye mrija ni mbadala mwingine wa safari. Nyumbani, vyote viwili vikae kabatini.

Wakati wa kuomba ushauri

Wapo watoto wanaohitaji muda zaidi au mbinu nyingine, hasa waliozaliwa kabla ya wakati, wenye mdomo au kaakaa lililopasuka, au wenye udhaifu wa misuli. Hao wasilazimishwe kufuata ratiba ya wengine. Mtoto yeyote anayekohoa au kupaliwa karibu kila anapokunywa, anayetokwa na maziwa puani, anayepungua uzito, aliyepauka viganja, au ambaye amevuka miezi 18 na hawezi kabisa kunywa katika kikombe hata akisaidiwa, anapaswa kupelekwa katika kituo cha afya kilicho karibu.

Katika vijiji na mitaa ya Rwanda, wahudumu wa afya ya jamii, abajyanama b'ubuzima, hupima ukuaji wa watoto wadogo mara kwa mara. Mzazi anayekwenda kupimisha mtoto anaweza kujiandaa kwa kukumbuka mambo matatu: mtoto hunywa maziwa kiasi gani kwa siku, kwa chombo gani, na saa ngapi anakunywa mara ya mwisho kabla ya kulala. Majibu hayo humpa mhudumu picha ambayo mizani peke yake haiwezi kuionesha.